Kambi Iliyochorwa Kitabuni

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimehamahama: Tabora, Kampala, Johannesburg, na sasa Hopkins, magharibi ya Minneapolis, Marekani, ambako nimepanga chumba ghorofa ya pili. Kitu pekee ambacho sijawahi kukiacha ni kuuliza. Kiingereza nakizungumza vizuri kuliko ninavyokisoma, lakini hilo majirani hawakulijua.

Mlango wa pili anaishi mama mmoja Mkongo, kutoka Kivu. Tunafanya kazi ghala moja kule Shakopee, na hunipa lifti kwenye gari lake. Ijumaa moja alinigongea, akaniomba nimsaidie binti yake wa miaka tisa. Mwalimu alikuwa amewagawia watoto kitabu cha historia ya Marekani. Kila mmoja achague ukurasa, na Jumatatu asimame aueleze. Tangu wafike nchi hii, mtoto yule hakuwa amefungua mdomo mbele ya wenzake hata mara moja. Mama hakutaka Jumatatu hiyo iharibike.

Ukurasa alioupenda ulikuwa na mchoro: mahema mengi kando ya mto, chini ya ngome, yamezungushiwa ukuta wa mbao, theluji kila mahali. Maneno yalikuwa mengi, nikasoma jina la watu na la ngome tu, mengine nikayaruka. Sisi tukiona mahema yamebanana namna ile hatuhitaji kuambiwa ni nini. Nimewahi kuuza sabuni nje ya kambi ya wakimbizi Kigoma. Kwa hiyo nikaeleza bila kusita: hawa ni Wadakota, wenyeji wa jimbo hili, vita viliwakuta, serikali ikawapa hifadhi na chakula wakingoja kupelekwa pazuri.

Mama alifurahi. Yeye mwenyewe alikaa kambini miaka kumi na mmoja, na binti alizaliwa humo humo. Akamwagiza mtoto aseme darasani kwamba hata wenye nchi waliwahi kuwa wakimbizi. Mtoto alinitazama kidogo, akainama, akaandika.

Jumapili sikuwa na kazi, nikataka kupaona kwa macho. Nilipanda basi, kisha treni ya kuelekea uwanja wa ndege, kwa maana ngome yenyewe iko jirani kabisa. Niliteremka hadi mtoni, nikakuta kibao cha maelezo. Nilikisoma neno kwa neno, kidole juu yake, nikarudia kwa sababu sikuamini.

Hawakukimbilia pale. Waliletwa na askari, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakafungiwa majira yote ya baridi. Wengi walikufa humo. Masika yalipofika, waliobaki walipakiwa kwenye meli na kutolewa katika jimbo lao wenyewe.

Nilikaa chini kwenye majani yenye unyevu. Nimelala mahabusu katika nchi tatu, na nilidhani serikali haina tena la kunishtua. Juu yangu ndege ilikuwa ikishuka, imejaa watu wanaofika, kama nilivyofika mimi. Kesho yake mtoto angesimama mbele ya darasa na kusema uongo wangu.

Nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwao. Niliwaambia nimekosea, na kwamba nimekosea kwa sababu maneno sikuyasoma, nilisoma picha.

“Mimi nilisomaka, tonton,” mtoto alisema, maana ndivyo wanavyomwita mjomba kwao. “Iliandikwa walifungwa.”

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

Alimwangalia mama yake kwanza. “Mtu mukubwa habishiwi.”

Hilo lilinipiga kuliko kibao. Siku mbili mtoto alikuwa anaujua ukweli, akaandika yangu kwa heshima.

Mama hakumgombeza. Alishika shavu, akafikiri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kaka, hawatasema tunatukana nyumba iliyotupokea?”

Mtoto ndiye aliyesema kwamba kitabu alipewa na mwalimu mwenyewe.

Mama akavuta viti viwili, kimoja changu, kimoja chake, akamwambia binti asimame karibu na jokofu atusomee. Mtoto alisoma Kiingereza, akitua kila mstari kumweleza mama kwa Kiswahili chao. Alipofika penye watoto waliokufa, sauti ikamfifia.

“Paza,” mama alimwambia. “Darasa ni kubwa.”