Nafasi ya Diski ya Pili

Ipo siku moja ninaikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: harufu ya vumbi lililopata joto la umeme, na upepo wa ziwa unaingia kwa mlango wa mbele. Ilinirudia jana nilipokuona umechutama mbele ya sipiyu yako, hilo boksi la kompyuta, umeifungua ubavu, diski mpya mkononi, unatafuta pa kuiweka. Kisha nikakuona unachukua kamba ya mpira, ile ya tyubu ya baiskeli. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na wenzako. Leo tuko wawili, weka hiyo simu chini unisikilize.

Nilikuwa binti mbichi, kazi yangu ya kwanza, studio ya picha pale Igogo kwa Mzee Jamal. Babu zake walitoka Bara Hindi, yeye kazaliwa hapa hapa Mwanza, na Kisukuma alikijua kunishinda mimi niliyekinyonya kwa mama. Alipiga video harusi za watu kuanzia Nyamagana hadi visiwani. Harusi zote hizo zilikaa ndani ya kompyuta moja, kwenye diski moja, kile kidude cha chuma kinachotunza kila kitu.

Mchana huo aliingia mama mmoja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, Mama Tabitha. Mumewe, mwalimu wa kwaya, alikuwa amefariki, na kesho yake jioni ilikuwa arobaini. Alitaka kitu kimoja tu: video ya harusi ya binti yao, pale baba mtu aliposimama akaimba kumuaga mwanawe.

"Nataka wajukuu wamsikie," alisema. "Picha yake ninayo ukutani, lakini picha haisemi."

Nikawasha mashine. Diski ikaanza kugonga, tiki, tiki, kama kuku anayedonoa bati. Weee! Ilikuwa inakufa, tena imejaa pomoni. Ilibidi tuongeze diski ya pili humo humo ndani, tuuhamishie wimbo ule kabla ile ya kwanza haijanyamaza kabisa. Na meli ya Ukerewe ilikuwa inaondoka alasiri ile ile.

Basi nikafanya tunavyofanya sisi wa huku. Kwetu mpira wa tyubu ndio fundi mkuu, unalijua hilo. Unafunga gunia la mkaa, unafunga kreti la soda, unafunga hata taa ya bodaboda. Nikailaza diski mpya mgongoni mwa ile ya zamani, nikazungusha mpira, nikavuta, nikakaza. Ubavu wa sipiyu nikauacha wazi ipate hewa. Nikajisifu moyoni, kumbe nachimba kaburi.

Mzee Jamal akatoka chumba cha nyuma na kikombe chake cha chai. Akainama, akatazama mle ndani kitambo kirefu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

"Binti, hapa umemkaribisha mgeni au umemfunga mwizi?"

"Mzee, meli inaondoka."

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mgeni wako umemkalisha kifuani kwa mgonjwa! Watachemka wote wawili, watatetemeshana, mpira utalegea, na sauti ya marehemu itakwenda na maji. Zima. Fungua."

Nilimchukia mzee yule, sikufichi. Nikafungua huku nimenuna, mdomo umefika bandarini. Akanionyesha mle ndani vile vyumba vya diski vilivyopangwa kama rafu, akaniambia niiache ya zamani pake, niruke nafasi moja iwe tupu, ili hewa ipite kati yao. Kisha skrubu, pande zote mbili, bila kulazimisha. Nikitaka kukaza upande mmoja tu ananigusa bega: na huku. Halafu akanyoosha kidole nje ya mlango.

Juu ya ziwa wadudu walikuwa wamesimama kama moshi, wingu zima, linatembea polepole kuja nchi kavu, jua limepenya katikati yake. "Na hao," akasema, "wakikuta ubavu uko wazi na taa inawaka, watalala wote kwenye feni."

Sijui nikueleze vipi. Bisibisi mkononi, lile wingu linaogelea angani, maji chini yake yametulia, na mimi kama niko ndotoni, kama alasiri ile haina mwisho. Mpaka leo nikisikia skrubu inalia kwenye bati naliona lile wingu.

Kisha meli ikapiga honi. Ndoto ikakatika. Nikamgeukia Mama Tabitha kwenye benchi.

"Mama, nisamehe. Nimekukosesha meli."

Akavuta kanga yake mabegani. "Kawia ufike, binti yangu. Ya asubuhi ipo. Huyo wangu humo ndani ndiye hana meli nyingine."

Tukafunga ubavu, tukawasha. Wimbo ukaanza kuhama, taratibu, taratibu. Chai ya mzee ilipoa bila kunywewa. Ulipomaliza kuhama, ile diski ya zamani ikagonga kidogo, ikanyamaza, na haikuamka tena.

Tukacheza kutoka kwenye mpya. Mwanzoni mwalimu anakohoa, ana wasiwasi, anapapasa tai. Sauti ya mtu nyuma ya kamera inamwambia, "Taratibu, mwalimu. Hatuna haraka." Ndipo akaimba. Mama Tabitha akajifunika uso kwa kanga, akalia, akacheka, akalia tena. Asubuhi alipanda meli na nakala ya wimbo wake, na arobaini aliikuta.

Mzee Jamal naye sasa ametangulia mbele za haki. Siku za msiba wanawe walinijia studio wakiomba kitu chochote chenye sauti yake. Tulitafuta, mwanangu, tulitafuta! Mtu aliyewapiga picha watu wote wa Mwanza, hakuna aliyewahi kumgeuzia kamera. Nilikuwa nimekata tamaa, ndipo nikakumbuka nani alikuwa nyuma ya kamera kwenye harusi ile. Nikaifungua ile diski niliyoikaza kwa kununa. Watu wazima wale wakakaa sakafuni kama watoto, nami nikawachezea, wakaomba tena, na tena: "Taratibu, mwalimu. Hatuna haraka."

Basi nakuusia. Unapoongeza kitu kipya ndani ya nyumba, ndani ya kazi, hata ndani ya hiyo sipiyu yako, kipe nafasi yake na ukikaze pande zote, wala mzigo wake usimbebeshe aliyekuwepo kabla. Cha mwenzako kitunze kama chako, kwa kuwa hujui sauti ya nani mwingine imo humo. Mpira urudishe kwenye baiskeli.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mtulivu na wazee wa kukukemea bila kukupigia kelele. Na siku sauti yako ikinyamaza, akujalie mtu aliyekuwa ameitunza.