Gari Langoni

Mulki, mlezi wa yatima pale Bura, alishaizoea mikono ya yule fundi Mturuki aliyekuja kujitolea. Kabla ya kushika bomba, huipangusa kwenye suruali na kunong'ona bismillahi. Asubuhi moja, fundi akiwa anaziba bomba la tangi lililopasuka, gari lisilo na namba lilisimama langoni, likaunguruma, wala hakushuka mtu. Mulki alijua jinsi wageni kutoka nje wanavyotekwa nyara huko.

"Walaal, ndugu yangu, ingia ndani haraka!"

"Nikiachia, maji ya watoto yote isha," akajibu fundi, spana mkononi. Akaendelea kukaza.

Hatimaye gari likaondoka. Maji yalipotoka mferejini watoto walishangilia, lakini fundi alibaki amechuchumaa. Aliipangusa mikono kwenye suruali tena na tena, macho yakiwa langoni.