Bazoka ya Kuachia Sigara

Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu alipokamatwa mara ya pili akivuta sigara nyuma ya bweni. Wazazi tulishawazika, kwa hiyo mwalimu mkuu aliniita mimi. Hakuzungusha maneno: mara ya tatu, kijana anarudi nyumbani na godoro lake. Zilikuwa enzi za ruksa, kila biashara imeachiwa huru. Kila kibanda mtaani kwetu Bombambili kiliuza sigara mojamoja, hata kwa mtoto.

Mimi nilikuwa nesi hospitali ya misheni. Daktari mmoja mgeni, ambaye naye alikuwa ameacha sigara, alinipa pakiti yake ya vidonge vya kutafuna vyenye nikotini, akanieleza vizuri namna ya kuvitumia. Jumamosi mdogo wangu alipokuja nyumbani, mimi na haraka zangu nikamwambia, "Hii ni bazoka ya kuachia sigara."

Basi si akaitafuna kama bazoka ya dukani, bila kupumzika! Akajaribu hata kupuliza puto. Haikupita robo saa, kwikwi, jasho, akatapika pale uani. "Dada, bora sigara," akasema, akataka kuvitupa vyote. Nilimfokea, kumbe kosa ni langu. Niliogopa kweli, nilishamwona na godoro kichwani.

Bibi yetu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Maposeni. Alikuwa mtu wa ugoro, ule wa kuweka shavuni, tangu baba hajazaliwa. Akakichukua kidonge, akakinusa, akacheka.

"We nesi gani? Hii tumbaku hii! Tumbaku haitafunwi hivyo." Akamgeukia mjukuu. "Mume wangu, njoo. Ng'ata mara mbili tatu. Ukisikia inawasha, ifiche shavuni, utulie. Ikipoa, ng'ata tena."

Ndivyo daktari alivyoniambia. Niliona aibu, nikacheka nami.

Likizo ilipofika nilipekua begi lake, nikakuta kidonge kimoja kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Kumbe bado hajaacha! Nikamuuliza kwa ukali.

"Si changu, dada. Mimi nimeacha tangu mwezi uliopita. Hicho nimemwekea bibi."

Kesho yake tukaenda Maposeni. Baada ya shikamoo, mdogo wangu akampa bibi kile kidonge. "Na wewe acha, mke wangu."

Bibi alikigeuzageuza kiganjani, machozi yakamlengalenga. "Miaka yote hii," akasema, "hakuna aliyewahi kuniambia niache."

Alikuwa akimtazama yeye. Lakini nesi nilikuwa mimi.