Mlinzi wa Dakika ya Tano

Filamu ile niliambiwa na mwenzangu wa ofisini, naye alijua ugonjwa wangu: kabla sijatazama, nasoma kwanza wahakiki. Mmoja aliisifu kwa jinsi risasi zilivyopigwa kwa mpangilio, kama ngoma iliyofanyiwa mazoezi. Mwingine alilalamika kwamba ni ndefu mno. Wa tatu alichukizwa na damu nyingi isiyo na sababu. Nikaipakua, nikaenda nayo kwa wazazi wangu Chang'ombe, Jumapili baada ya ibada.

Sikukusudia watazame. Lakini tulikuwa tumeshakula ugali na mlenda, upepo unavurumisha vumbi nje, na baba akavuta kiti karibu na kompyuta yangu. Mama akaja na sahani ya karanga.

Dakika ya tano, majambazi wakamuua mlinzi wa benki. Alikuwa akifunga chupa yake ya chai. Hata sura yake haikuonekana vizuri.

"Simamisha," mama akasema.

Nikasimamisha.

"Huyo naye alikuwa na kwake."

Baba akacheka. "Mama, hilo ni igizo. Hapo wamemaliza kupiga picha, kainuka, kajipangusa vumbi, kaenda zake."

Mama hakucheka. Baba alikuwa mlinzi wa usiku wa duka la vifaa vya ujenzi mjini tangu mimi sijazaliwa mpaka nilipomaliza chuo. Sisi watoto alituambia kazi yake ni kulala akiwa amekaa.

"Wewe ulikuwa unaogopa?" mama akamuuliza.

Baba akamenya karanga, akaishika tu mkononi. "Nilikuwa naogopa."

"Siku zipi?"

"Zote."

"Miaka yote ile hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungelala saa ngapi?"

"Kwani nani alikwambia nilikuwa nalala?"

Ndipo mama akaeleza jambo ambalo hata mimi sikulijua. Asubuhi hakuwa akibandika maji ya chai mpaka asikie baiskeli ya baba ikigongagonga kwenye mawe ya uchochoroni kwetu. Sisi tulimnung'unikia kwa kutuchelewesha shule. Nakumbuka niliwahi kumwita mama yangu mvivu, na nikiwa nimekaa pale nilitamani kulirudisha neno lile.

Baba akaweka karanga yake kwenye kiganja cha mama, na mama akakifumba kiganja kile mkono wa baba ukiwa bado ndani. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono mbele yetu. Nikajifanya natafuta chaja.

"Haya, endelea," baba akasema. "Tuone kama watakamatwa."

Tukaitazama mpaka mwisho. Walikamatwa wawili.

Nilipofika kwangu Makole nilizirudia zile hakiki. Wahakiki hawakukosea: risasi zilipangwa kwa ustadi kweli, na filamu kweli ilizidi urefu. Ila mlinzi hakutajwa na yeyote; aliyemkaribia ni mmoja aliyesema filamu inaanza kwa kasi nzuri.

Jumatatu mwenzangu akaniuliza nimeionaje. Nilitaka kumjibu kijanja, kama kawaida yetu. Badala yake nikamweleza habari za baba na mama, tukiwa tumesimama kwenye ngazi, yeye na mafaili yake kwapani. Akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza taratibu, "Mzee hajambo lakini?"

"Hajambo," nikasema. "Anataka nimpelekee nyingine."