Mzigo Umetoka

Katika chumba chetu cha kuongozea treni, pale mjini, treni ya mizigo huitwa mzigo tu, na neno lililonisumbua tangu nianze kazi ni "umetoka." Msimamizi wa stesheni anapiga simu, anasema mzigo umetoka, anakata. Umetoka wapi? Huenda umetoka stesheni na sasa uko kwenye reli kuu, unakuja. Huenda umetoka kwenye reli kuu na kuingia njia ya pembeni ili kupisha. Na reli yetu ya magharibi ni moja, ya kwenda na ya kurudi.

Nilipouliza, wenzangu walicheka wakaniita Prof. Walisema ukisikiza sauti ya mtu utajua anamaanisha nini. Sikuelewa sauti inawezaje kusimamisha treni.

Asubuhi ninayoikumbuka, mama alikuwa ndani ya treni ya abiria inayoshuka mjini kutoka upande wa Dagoretti. Alikuwa akienda hospitali kuu, karibu na Upper Hill, kumwona daktari wa moyo ambaye angeamua kama atafanyiwa upasuaji. Miadi yake ilikuwa imeshaahirishwa zaidi ya mara moja. Faili zilipokelewa asubuhi tu. Ukichelewa, unarudi nyumbani kungoja miezi mingine, na mama alikuwa tayari analala ameketi ili apate pumzi.

Asubuhi hiyohiyo tulikuwa na mzigo unaopanda kutoka mjini kwenda magharibi. Ulitakiwa kupita kabla wafanyakazi hawajaamka, lakini ulichelewa njiani kutoka Mombasa. Nilimuuliza madam, mkubwa wa zamu yetu, kwa nini usingoje mjini hadi watu wafike kazini.

"Yadi imejaa, Prof, na nyuma yake kuna mwingine. Utauweka wapi? Kwa mfuko?"

Basi ukapangwa uingie njia ya pembeni katika stesheni moja kati ya mjini na Dagoretti, treni ya abiria ipite, kisha uendelee. Simu ikalia.

"Mzigo umetoka," akasema msimamizi wa stesheni hiyo. "Leta abiria."

"Umetoka wapi?"

"Ala! Si umetoka tu."

"Kwa stesheni ama kwa reli?"

"Kwa reli, buda. Umeingia pembeni."

"Wote?"

Nikamsikia akimuuliza mtu. Nyuma yake kuna mtu alikuwa akipiga kelele.

"Mkia bado kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Kuna mabehewa yamebaki nje. Waliongeza mengine huko yadi na hakuna mtu alituambia."

Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika simu ya kuiruhusu treni ya abiria. Niliirudisha mahali pake kwa uangalifu wa kijinga, kana kwamba ingeweza kuruhusu yenyewe. Madam aliagiza yadi itoe nafasi hata kwa kuhamisha mabehewa, mzigo urudishwe mjini, polepole, na abiria wangoje kwenye stesheni walipo. Hakuna aliyecheka tena, ila hilo halikunituliza. Nilikuwa nimemzuia mama yangu.

Nilitoka nje kwenye korido nikampigia. Kabla hajapokea nilikuwa nimeshajibishana na nafsi yangu. Akishuka, moyo wake utaweza ile njia ya kupanda hadi Ngong Road? Na kama magari yamekwama pale Adams Arcade? Na wale wengine ndani ya treni, nani atawapigia?

"Mama, shuka. Panda matatu ya kwenda mjini."

"Kwani kuna nini?"

"Treni itakaa sana. Usiulize, shuka tu."

Hakukata simu. Nikamsikia akiinua sauti: "Jamani! Mtoto wangu anafanya kazi huko kwa reli. Anasema hii kitu itakaa hapa mpaka tuzeeke. Shukeni!"

Niliporudi ndani, madam alikuwa na simu sikioni. "Abiria wanashuka," akasema. "Wanasema wameambiwa na mtu wa ofisi." Macho yake yalinifikia mimi kwanza.

"Ni mimi. Mama yangu yuko huko, anaenda hospitali."

"Na wewe ukaambia mama yako peke yake?"

Madam akapiga simu kwa wasimamizi wa stesheni zote za juu, akawataka watangaze kwa sauti kwamba treni imezuiwa, mwenye haraka atafute njia nyingine. Nilijiuliza kwa nini hilo halikuwa jambo la kwanza kufanywa, lakini safari hii sikuuliza kwa sauti.

Nilimpigia mama tena na tena. Hakupokea. Niliwazia magari barabarani, kifua chake, watu wakimzunguka. Mzigo ulikuwa umerudi mjini wote, hadi behewa la mwisho, ndipo simu yangu ikalia.

"Nimefika," akasema huku akihema. "Faili wamechukua. Lakini daktari mwenyewe bado. Anakaa Loresho, wanasema amekwama kwa jam."

"Amekwama wapi hasa? Kuna mtu ameongea naye?"

"Wewe nawe!" akasema mama. "Huyo ni daktari, si treni. Wacha nikae chini."

Nikasikia akivuta kiti.