Jina Nililolirudisha Ziwani

Kwetu mutoto hapewi jina kwa sababu ni zuri tu. Anakuja nalo. Mujukuu wangu, mutoto wa mwisho wa binti yangu, alizaliwa akakataa kunyonya, analia tu. Nikamupakata, nikaanza kumutajia wakubwa wetu waliokufa, mumoja mumoja, upande wa baba yake, kisha upande wetu. Mimi sikusoma sana, lakini majina ya watu hayanipotei. Nilipofika kwa jina la mama yangu muzazi, mutoto alinyamaza, akafungua kinywa, akanyonya. Basi ikaisha. Mama yangu, tuliyemuzika kule Pepa kwenye baridi na ng'ombe, alikuwa amerudi kwetu Kalemie kwenye joto.

Jina hilo sitaliandika hapa. Mutaona sababu.

Tangu siku ile nilimuita Mama, maana anayebeba jina la muntu anabeba na heshima yake. Naye alipojua kusema, aliniita mwanangu. Asubuhi alikuja kusimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mwanangu, umenawa uso?"

"Bado, Mama."

"Uvivu huu umeutoa wapi?"

"Kwako, Mama. Njo wewe ulinizaa."

Majirani walicheka mpaka kushika mbavu. Lakini akinituma maji ya kunywa, nilienda kumuletea.

Mimi ni Mukatoliki, nimezeeka ndani ya kanisa. Sikuwahi kuona vita kati ya Yesu na mama yangu. Huyo Yesu mwenyewe, nani alinionyesha kama si mama yangu? Padri alimubatiza mujukuu kwa jina la mutakatifu, jina la mama yangu likakaa kando yake, yakaishi pamoja bila ugomvi.

Ugomvi wa majina nilikuwa nimeuona zamani, nikiwa kijana. Serikali ya wakati ule ilikataza majina ya ubatizo, ikasema ni ya wazungu, kila muntu achukue la mababu. Baba alitupanga watoto wote mbele ya biro ya kuandikisha majina, tukatoka mule bila watakatifu wetu. Nyumbani mama aliendelea kuniita jina langu la kanisani, lakini aliangalia mulango kwanza. Padri wa misioni alibatiza watoto akiwanong'oneza jina kwenye sikio. Tangu hapo nilijua kwamba wanaotawala wanapenda kushika majina ya watu, kwa sababu ni kitu hata masikini anacho. Ila sikujua kwamba siku moja mambo yatageuka, jina la mababu nalo lifukuzwe, na anayelifukuza aseme ametumwa na Yesu.

Mutoto alipoanza shule, alianza kuanguka. Mara ya kwanza alikuwa anageuza ndagala juani, akaanguka juu ya samaki, akatetemeka, povu kinywani. Muganga wa sentre ya afya alisema ni kifafa. Akatoa vidonge, ameze kila siku, asiache hata akiona amepona.

Binti yangu alikuwa amehamia kanisa ya uamsho, ile ya kando ya ziwa. Simulaumu. Mama anayeona mutoto wake akitetemeka chini ataenda popote. Pasta wake alimuuliza mutoto anaitwa nani, jina lile ni la nani. Aliposikia, alisema basi njo hilo: jina la marehemu ni kamba, marehemu anaivuta kamba yake, mutoto anaanguka. Na vidonge, alisema, ni dalili ya imani ndogo. Binti yangu alivipandisha juu ya kabati. Mutoto akaanguka tena, na tena.

Nilienda kwa padri wetu. Ni kijana, amesoma mbali. Alinipa kiti, akanisikiliza vizuri.

"Mama, jina haliwezi kuangusha mutoto."

"Basi uje umuambie binti yangu hivyo, Padri."

Alishika kichwa. "Yeye si wa parokia tena. Nikifika kwake, watasema Wakatoliki wanakuja kunyang'anya waamini. Tumuombee, Mama."

Akaniwekea mukono kichwani, nikarudi. Baraka niliipokea. Lakini vidonge vilikuwa bado juu ya kabati.

Na mimi ningesema nini? Bibi kizee, mutoto mugonjwa, nyumba moja. Katika muji wetu tunajua maneno hayo yanaishia wapi. Jirani mumoja aliyezoea kutuma mutoto wake kuomba moto kwangu, aliacha kumutuma. Aliniamkia bado, lakini kutoka mbali.

Halafu binti yangu akaja kukaa kando yangu, akiangalia chini.

"Mama, pasta anataka jina litolewe Jumapili, kwenye ubatizo wa maji mengi."

"Nimesikia."

"Lakini njo wewe ulilitoa. Mwingine akilirudisha, halitatoka."

Nilitaka kucheka. Mambo ya wakubwa alikuwa ameyatupa yote, kisha akaja kuniomba kwa sheria ya wakubwa.

"Pasta wako anajua hayo?"

"Pasta si wa huku."

"Na nikikataa?"

Alivuta uzi wa kitenge chake. "Mama, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanavyosema."

Nilijua. Nikaangalia uwanja, mutoto alikuwa anafukuza kuku na kuitukana kama muntu muzima, sauti ya mama yangu kabisa.

"Nitalirudisha," nikasema. "Lakini vidonge vishuke. Kila asubuhi ameze mbele ya macho yangu."

"Pasta atasema nini?"

"Muambie jina limetoka. Vidonge hatakuuliza."

Alisimama, akaingia ndani. Kisha akachukua kiti, akapanda, akavishusha.

Jumapili tuliingia ndani ya maji. Ziwa limepanda miaka hii, limekula nyumba na avenue, njia za muji, tulisimama pale palipokuwa uwanja wa watu. Nguzo ya ua ilikuwa bado imesimama kandokando yetu. Anayerudisha jina anachota maji kinywani, anayatema pembeni ya mutoto, anasema kwa sauti ndogo: rudi kwa mwenyewe. Nilifanya hivyo. Pasta aliona midomo yangu inacheza, akafikiri ninaomba, akapiga amina kubwa. Mutoto aliniangalia.

"Mwanangu, unalia?"

"Ni maji ya ziwa," nikamuambia. Sikuongeza Mama.

Akazamishwa, akatoka na jina la mwanamuke wa Biblia. Ni jina zuri, huyo mwanamuke ninamuheshimu. Lakini ulimi wangu unalikataa. Ninamuita, "Wewe mutoto." Na yeye siku hizi haniulizi kama nimenawa uso.

Kuanguka kulipungua, kisha kukakoma. Pasta alimusimamisha binti yangu kutoa ushuhuda, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikuwa nyumbani, nimeshika kopo la vidonge. Ningemuambia nani? Na kusema kweli, mimi ni nani wa kujua Mungu ameponyesha kwa mukono gani? Padri anatufundisha kwamba mchungaji mwema anaita kondoo wake kila mumoja kwa jina. Ninabaki nikijiuliza, huyu mutoto wangu anamuita kwa jina gani.

Mwezi wa kuombea marehemu, shirika letu, Wakatoliki wa mutaa wetu, lilikuja kusali kwangu. Tunakaa kwenye mukeka, kila mumoja anataja wafu wake. Miaka yote hii jina la mama yangu sikulitaja pale, kwa sababu muntu ambaye jina lake linatembea uwanjani hahesabiwi pamoja na wafu. Zamu yangu ikafika. Nikataja baba, nikataja bwana yangu, nikataja ndugu zangu wote kwa ukubwa wao. Kisha nikasita. Nikimuacha, atakuwa wapi? Kwa wazima ametolewa, kwa wafu hajaingizwa. Nikalitaja jina lake, si kwa nguvu.

Nyuma ya nyumba mutoto na mama yake walikuwa wanaokota ndagala kabla ya umande.

"Niko hapa, mwanangu," mutoto akaitika. Akaja mbio, mikono yake inanuka samaki, akasimama mbele ya mukeka akingoja nimutume.

Binti yangu alitokea nyuma yake, akasimama kwenye kona na kitunga. Watu wa shirika waliangalia mutoto, wakaniangalia mimi. Kusema njoo, nilishindwa. Kusema rudi, nilishindwa. Katekista akakohoa, akaanza Baba Yetu, na mutoto, kwa sababu hakuna aliyemuambia kitu, akapiga magoti kati yetu.