Harufu Iliyomletea Nabwile Ndoto

Mvua za masika ya mwaka 2004 zilipoanza Kitale, Kibiwott, seremala, alimwambia Nabwile aache kupaka vanishi uani. Matone yalikuwa yakiacha madoa kwenye mbao, na mteja mmoja wa Kachibora alikuwa ameshakataa meza yake. Kazi ikahamia chumba kidogo cha mabati kisicho na dirisha. Mlango ulifungwa ili vumbi la mbao lisiingie na kuganda kwenye vanishi mbichi.

Nabwile hakulalamika. Alikuwa mwanamke mpole, mzaliwa wa Mabanga karibu na Bungoma, aliyekuja Kitale kutafuta kazi baada ya kumzika mama yake. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na brashi yake haikuacha mstari. Alichanganya vanishi na thina, maji yale meupe makali yanayoilainisha vanishi na kusafisha brashi. Alipenda jinsi thina ilivyopoza vidole kama umande, kisha ikatoweka. Hakuwahi kujiuliza inakwenda wapi.

Ndani ya chumba kile, mambo yakaanza kubadilika. Akishapaka mlango mmoja au miwili, sauti ya mvua kwenye mabati ilisogea mbali, kana kwamba inanyesha nyumba ya jirani. Sakafu ikawa laini. Ndipo mama yake alipokuja, na ungo wa maharagwe mapajani, akaketi juu ya kitanda ambacho vanishi yake haijakauka na kuanza kuchambua. Nabwile hakumsemesha, kwa kuogopa kumfukuza. Alipaka polepole, moyo umetulia, na chumba kizima kikang'aa rangi ya asali.

Jioni kichwa kilimgonga. Alidhani ni majonzi.

Upande wa pili wa ukuta ule, Jerono, mke wa Kibiwott, ambaye wengi walimwita Mama Kigen kwa jina la mwanawe, alipikia mafundi chai kwenye jiko la makaa. Siku moja alimwona Nabwile akitoka huku ameshika ukuta.

"Nabwile, mbona unatembea ni kama umetoka kulewa busaa?"

"Ni usingizi tu, Mama Kigen."

"Usingizi gani wa asubuhi? Kuja ukae hapa upigwe na upepo."

Nabwile akaketi, akanywa chai, kichwa kikapoa. Kisha akarudi haraka, kama mtu aliyeacha mgeni peke yake nyumbani.

Ajali ilitokea mchana mmoja, walipokuwa wakimalizia kabati la bibi harusi wa Saboti. Nabwile alimimina thina nyingi kwenye beseni pana, akaloweka brashi zote, akaliacha wazi. Matambara yaliyolowa yalirundikana pembeni. Hewa ya thina, ambayo ni nzito kuliko hewa tunayovuta, ilishuka sakafuni ikatambaa bila kuonekana, ikapenya chini ya mabati hadi kwenye jiko la Jerono, ambaye alikuwa amepiga magoti akipuliza makaa.

Jerono aliona utepe wa moto wa buluu ukichomoka jikoni na kukimbilia chini ya ukuta. Kisha akasikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limeanguka.

Ndani, Nabwile aliona mwanga ukichanua miguuni pa mama yake. Alidhani jua limetoka. Alikuwa bado analitazama wakati Jerono alipousukuma mlango, akamshika mkono na kumvuta nje, pindo la gauni likiwaka. Alimwangusha kwenye matope na kumgaragaza hadi moto ukafa. Kibiwott alikuja mbio na ndoo ya maji, akayamwaga kwenye beseni. Thina ikaelea juu ya maji, na moto ukasambaa nayo hadi mlangoni.

"Wacha maji!" Jerono akapaza sauti. "Leta udongo!"

Majirani wakachota udongo kwa sepeto hadi moto ukazimika. Kabati likateketea. Nabwile aliungua mguu na mkono wa kushoto.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Linah alimuuliza kama alikuwa akisikia kizunguzungu kazini. Nabwile akamweleza yote, hata habari za mama na ungo wake, Jerono akisikia. Linah hakucheka.

"Hiyo thina ikikauka haipotei," alisema. "Inageuka hewa. Ukiivuta ndani ya chumba kimefungwa, inalewesha akili. Ungeendelea, ungelala usiamke, hata bila moto."

Nabwile, ambaye hakulia alipooshwa vidonda, alilia hapo. Ilikuwa kama kumzika mama mara ya pili.

Jerono alikaa kando ya kitanda akipangusa macho. "Ni jiko yangu ndio ilikuchoma."

"Beseni ni yangu, Mama Kigen."

"Na mimi ndio nilisema mlango ufungwe," Kibiwott akasema, akainama.

Alipopona, Nabwile alirudi nyumbani, akafungua kibanda chake cha kupaka vanishi mjini Bungoma. Kilikuwa na paa tu, hakikuwa na kuta, na upepo ulipita kutoka pande zote. Thina aliitunza kwenye mkebe wenye kifuniko, akimimina kidogo tu kila mara. Matambara aliyaanika mojamoja kwenye waya. Mchanga ulikuwa karibu, na hakuna aliyeruhusiwa kuja pale na sigara. Mvua ikinyesha, alifunika mbao kwa turubai na kungoja.

"Ati tungoje mpaka jua itoke?" wateja waliuliza.

"Itatoka," alijibu.

Jerono alimtembelea Desemba. Walikaa wakitazama milango ikikauka, upepo ukizichezesha nyasi ng'ambo ya barabara.

"Mama yako bado anakuja?" Jerono aliuliza taratibu.

"Hapana. Siku hizi namkumbuka tu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nabwile akaweka brashi chini, akafunika mkebe, na akaanza kumsimulia. Mteja aliyekuja kuchukua mlango wake aliwakuta wakicheka, akaketi kwenye kigogo kuwasubiri wamalize.